Saa ya Mnarani ni ya Nani? Muda wa Hadhara, Biashara na Heshima ya Raia

Katika lugha yetu neno saa limebeba mizigo mitatu. Ni kipindi cha dakika 60. Ni chombo kinachokipima kipindi hicho, kiwe mkononi, ukutani au mnarani. Na katika lugha ya dini ni ile Saa ya mwisho, siku ya hesabu. Waingereza huiita saa ya ukutani kwa neno ambalo asili yake ni clocca, neno la Kilatini cha zama za kati lenye maana ya kengele. Asili hiyo ina sababu. Saa nyingi za mwanzo za mitambo barani Ulaya hazikuwa na uso wala mishale. Saa ya Kanisa Kuu la Salisbury, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya mwaka 1386, haina uso hadi leo. Kazi yake ni kugonga kengele tu. Kwa mtu wa zama zile saa ilikuwa kitu cha kusikiwa, na kwa kuwa ilisikiwa na wote kwa pamoja, hakuna aliyeweza kudai kuwa ni yake peke yake.

Naanza na jambo hilo kwa sababu katika miji yetu minara ya saa imegeuka kuwa majina ya vituo. Tunamwambia kondakta atushushe Mnara wa Saa. Mwenye duka humwelekeza mteja kuwa yupo mkabala na mnara wa saa, na wakala wa safari huandika hivyohivyo kwenye bango lake. Ni nadra mtu kuinua macho kuangalia kama mishale inatembea, na si ajabu kuukuta mnara ambao mishale yake imesimama kwa muda mrefu bila yeyote kulalamika. Mnara umebaki kuwa alama ya mahali, umeacha kuwa alama ya wakati.

Wapo watakaosema kuwa hilo si tatizo, kwa kuwa siku hizi kila mtu ana simu mfukoni. Hoja ya makala haya ni kwamba saa ya hadhara haikuwahi kuwa chombo cha kutoa taarifa peke yake. Ilikuwa shahidi. Ilisimama katikati ya mwajiri na kibarua, ya muuzaji na mnunuzi, ya ofisi na raia, na kila upande ulilazimika kuikubali. Kwa sababu hiyo historia yake ni historia ya mvutano: nani aiweke, nani aigonge, nani airekebishe, na nani alipe inapoharibika.

Kengele za wafumaji

Mwanahistoria Mfaransa Jacques Le Goff, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1960 juu ya wakati wa Kanisa na wakati wa mfanyabiashara, alionesha jinsi miji ya Ulaya ilivyohama kutoka kengele ya sala kwenda kengele ya kazi. Kwa karne nyingi siku ilikuwa imegawanywa na kengele za monasteri na makanisa. Kengele hizo zilifuata jua na ibada, nazo zilirefuka na kufupika kwa majira. Kwa mkulima hilo halikuwa na madhara. Kwa mfanyabiashara wa nguo aliyewalipa wafumaji kwa siku, siku isiyo na mipaka kamili ilikuwa chanzo cha ugomvi usiokwisha.

Ndiyo maana katika karne ya 14 miji ya nguo ya kaskazini mwa Ufaransa na ya Flanders ilianza kuomba kengele za aina nyingine. Mwaka 1335 meya wa Amiens alipewa na mfalme ruhusa ya kupiga kengele maalumu ya kuwaambia wafanyakazi muda wa kuingia kazini, wa kula, wa kurudi na wa kuondoka. Mwaka 1355 mji wa Aire-sur-la-Lys uliruhusiwa kujenga mnara ambao kengele zake zingetangaza saa za biashara na saa za kazi za wafumaji. Tazama jinsi mambo hayo mawili yalivyowekwa pamoja: mnara mmoja, biashara na kazi.

Lakini kengele inayosikiwa na wote inaweza pia kuitikiwa na wote. Huko Commines, mwaka 1361, kanuni za mji ziliweka adhabu kali kwa yeyote ambaye angeitwaa kengele na kuipiga ili kuwaita watu kwenye uasi. Huko Thérouanne, mwaka 1367, viongozi wa kanisa walilazimika kuwaahidi wafanyakazi kuwa kengele ya kazi ingenyamazishwa moja kwa moja ili kuepusha machafuko. Mfanyakazi wa zama zile alifahamu vyema kuwa anayeishika kamba ya kengele ameishika siku yake.

Karne tano baadaye mvutano uleule ulihamia viwandani. Mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson, katika makala yake ya mwaka 1967 kuhusu muda, nidhamu ya kazi na ubepari wa viwanda, alikusanya ushahidi wa wafanyakazi wa karne ya 19 walioeleza jinsi wenye viwanda vya Dundee walivyokuwa wakisogeza saa mbele asubuhi na kuirudisha nyuma jioni. Mfanyakazi aliogopa hata kuonekana na saa yake ya mfukoni, kwani kujua muda kulihesabiwa kuwa ukaidi. Hapo ndipo thamani ya saa ya mnarani inapodhihirika. Saa iliyomo ndani ya kiwanda ni ya mwenye kiwanda. Saa iliyo juu ya mnara wa mji, inayogonga kila mmoja akisikia, ni vigumu kuichezea bila mji mzima kujua. Kengele iliyotumika kumtumikisha mfanyakazi ilikuwa pia kinga yake.

Kwa nini wenye maduka walilipia saa?

Wafanyabiashara walikuwa na sababu zao za kuipenda saa ya hadhara. Soko linahitaji muda wa pamoja. Katika miji mingi ya zamani soko lilifunguliwa kwa kengele ili mtu asiwahi kununua bidhaa zote kabla ya wenzake na kuziuza kwa bei ya kulangua. Pale Bristol, Uingereza, saa iliyopo nje ya jengo la soko la nafaka iliongezewa mshale wa pili wa dakika ilipofika enzi ya reli, kwa sababu jua la Bristol liko nyuma ya jua la London kwa takriban dakika 10. Mshale mmoja ulionesha wakati wa mji, mwingine wakati wa treni. Mfanyabiashara aliyetaka kuwahi mzigo wake alilazimika kuisoma yote miwili.

Wakati ulifikia kuwa bidhaa inayouzwa. Kuanzia mwaka 1836 familia ya Belville ilikuwa ikichukua saa sahihi kutoka kituo cha elimu ya nyota cha Greenwich na kuipeleka kwa wateja wake mjini London. Mrithi wa mwisho, Ruth Belville, aliendelea na kazi hiyo hadi mwaka 1940, akizunguka na saa ya mfukoni ili wateja wasawazishe saa zao. Kilichouzwa hapo hakikuwa chombo. Kilikuwa uhakika.

Na pale ambapo uhakika unatolewa bure, watu hukusanyika. Mwaka 1897 duka kubwa la Marshall Field's mjini Chicago lilitundika saa kubwa kwenye kona ya jengo lake, mahali ambapo watu walikuwa tayari wamezoea kukutana. Vizazi na vizazi vya wakazi wa jiji lile viliagana kukutana chini ya saa. Duka halikuuza ile saa, lakini kila aliyesimama chini yake akimsubiri mwenzake alikuwa akitazama dirisha la bidhaa. Ndivyo saa ya hadhara ilivyokuwa mtaji wa biashara: ilileta miguu mlangoni, na miguu ikaleta fedha.

Bombay, jirani yetu wa ng'ambo

Mfano ulio karibu zaidi na historia yetu ni Bombay, mji ambao pwani yetu iliunganishwa nao na pepo za msimu, nguo, karafuu na pembe za ndovu. Mnara wa Rajabai, uliokamilika mwaka 1878 katika viwanja vya chuo kikuu, ulijengwa kwa fedha za Premchand Roychand, dalali mkubwa wa pamba, kwa sharti kwamba ubebe jina la mama yake. Husimuliwa kuwa mama huyo alikuwa haoni, na kwa kuwa dini yake ya Kijaini ilimtaka ale kabla ya jua kutua, kengele za mnara zilimjulisha saa ya chakula bila kumwuliza mtu. Iwe ndivyo ilivyokuwa au la, simulizi hiyo inatukumbusha jambo ambalo saa ya mkononi haliwezi: mlio humfikia hata asiyeweza kutazama, asiyejua kusoma na asiyekuwa na fedha ya kununua saa.

Bombay inatufundisha pia kwamba saa ni suala la madaraka. Mwaka 1906, serikali ya kikoloni ilipoanzisha saa moja kwa India nzima, wakazi wa Bombay walipinga. Saa mpya ilikuwa mbele ya saa yao ya jua kwa dakika 39, na kwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba maana yake ilikuwa kuamka dakika 39 mapema bila nyongeza ya mshahara. Januari ya mwaka huo wafanyakazi wa viwanda waliandamana na kugoma. Manispaa nayo iliendelea kuishikilia saa ya Bombay kwa miongo mingi, na ni mwaka 1955 tu, India ikiwa huru, ndipo saa hiyo ilipoachwa rasmi. Kukataa kusogeza mshale kulikuwa njia mojawapo ya kuukataa utawala.

Unguja: mshale uliozungumza Kiswahili

Kwa karne nyingi biashara ya pwani yetu haikuhitaji kengele ya kila saa. Ilifuata misimu. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi iliyarudisha. Ndani ya siku, adhana tano ziliutangazia mji mgawanyo wa wakati, na miadi iliwekwa baada ya alasiri au kabla ya magharibi. Mfanyabiashara aliyesubiri upepo kwa miezi hakusumbuliwa na dakika.

Mambo yalianza kubadilika Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kuleta barua Unguja kwa ratiba, na mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi uliopita chini ya bahari ukaufikia mji. Meli ya moshi haisubiri kaskazi. Bei iliyofika kwa waya ina thamani kwa yule aliyeipata mapema. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, aliyaelewa mabadiliko hayo, na saa za hadhara zikawa sehemu ya mji aliokuwa akiujenga mbele ya forodha na bandari. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, na katika viwanja vya jumba la kifalme ulisimama mnara uliokuwa na taa na saa. Husimuliwa pia kuwa saa ya kanisa kuu la Waanglikana la Mkunazini, lililojengwa juu ya uwanja wa lililokuwa soko la watumwa, ilikuwa zawadi yake, kwa sharti kwamba mnara wa kanisa usizidi urefu wa jumba lake.

Jambo la msingi zaidi ni namna saa hizo zilivyosomwa. Sisi huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza na saa za usiku linapotua. Saa moja asubuhi ni saa moja tangu kuche. Huko Istanbul, ambako Waosmani nao walihesabu kuanzia machweo, wasimamizi wa muda walilazimika kurekebisha saa kila mara kwa sababu machweo ya kiangazi na ya kipupwe yamepishana sana. Unguja iko takriban nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na katika mwaka mzima macheo yake hubadilika kwa chini ya saa moja. Kwa hiyo mtambo uliotengenezwa Ulaya uliweza kufuata hesabu ya Waswahili bila taabu kubwa. Saa ya mnara wa Beit al-Ajaib iliwekwa kwa hesabu hiyo: mshale ulionesha kile ambacho ulimi ulitamka. Leo tunatazama namba 8 na kusema saa mbili, tukipunguza sita kichwani bila hata kujitambua. Mpita njia wa Forodhani hakulazimika kufanya hesabu hiyo. Saa ya hadhara ilizungumza lugha ya hadhara.

Lakini saa nyingine ilikuwa njiani. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani bila ridhaa ya Waingereza. Alipewa hadi saa 3 kamili asubuhi ya tarehe 27 Agosti awe ameshateremsha bendera na kuondoka. Saa 3 ilipita, na dakika chache baadaye mizinga ya meli za kivita ilianza kunguruma. Hadi kufikia saa 3 na dakika 40 hivi kila kitu kilikuwa kimekwisha, na mamia ya watu walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Vita hivyo hutajwa hadi leo kuwa vifupi kuliko vyote katika historia, na urefu wake hupimwa kwa dakika, mara nyingi 38. Miongoni mwa vilivyoharibiwa ni ule mnara wa taa na saa. Jumba lilipokarabatiwa mwaka 1897, mnara mpya wa saa ulijengwa mbele ya Beit al-Ajaib yenyewe, jengo ambalo baadaye liligeuzwa kuwa ofisi za serikali chini ya usimamizi wa Waingereza. Mshale uliendelea kusoma Kiswahili, lakini amri zilizotoka chini yake zilifuata saa ya London.

Bara: kibarua, kipande na kipande cha reli

Bara, wengi hawakukutana na muda wa kikoloni mnarani. Walikutana nao katika karatasi. Neno kibarua, yaani barua ndogo, lilitokana na hati aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku iliyokamilika ilitiwa alama, na mshahara ulisubiri alama zote zitimie. Katika mashamba ya mkonge kazi ilipimwa kwa ngwe, na siku ilianza kwa mlio wa kipande cha reli kilichotundikwa mtini na kugongwa kwa chuma. Shule zetu nyingi zimerithi kengele ya namna hiyo. Ni saa isiyo na uso, kama ile ya Salisbury, ila hapa aliyeshika nyundo alikuwa nyapara.

Bandarini hali ilikuwa tofauti. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika utafiti wake juu ya Mombasa, ameeleza jinsi maofisa wa kikoloni walivyosumbuliwa na kibarua wa kutwa: mtu aliyefanya kazi siku alizotaka na kupumzika alizotaka hakuwa na cha kutishiwa nacho, kwani huwezi kumfukuza asiyeajiriwa. Mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947, wa makuli wa Dar es Salaam mwaka huohuo, na ule wa Unguja wa mwaka 1948 uliwashtua watawala. Jibu lao lilikuwa kumfanya kibarua kuwa mwajiriwa wa kudumu, mwenye zamu, mwenye muda wa kuingia na wa kutoka. Kwa wafanyakazi wengi mabadiliko hayo yalileta mshahara wenye uhakika zaidi. Yalileta pia saa ambayo haikuwa yao.

Mnara wa Uhuru na saa zisizohesabiwa

Ni katika mwanga huo tunapaswa kuutazama Mnara wa Saa wa Dar es Salaam. Ulijengwa mwaka 1961 kuadhimisha mji kupewa hadhi ya jiji, mwaka uleule wa Uhuru wa Tanganyika. Uko upande mmoja wa Barabara ya Samora. Kwenye barabara hiyohiyo iko sanamu ya Askari ya mwaka 1927, kumbukumbu ya Waafrika waliopigana katika vita vya wazungu. Barabara moja imebeba alama mbili za madaraka: bunduki na saa. Jiji jipya lilichagua saa, na uchaguzi huo ulikuwa na maana. Taifa huru lilikuwa likiahidi muda wa pamoja kwa kuli wa bandarini, karani wa wizarani na mwenye duka wa Kariakoo.

Arusha nayo ina Mnara wake wa Saa, katikati ya mzunguko wa barabara wenye Posta na hoteli kongwe pembeni. Wageni huelezwa kuwa hapo ndipo katikati ya safari ya kutoka Cape Town hadi Cairo. Wafanyabiashara wa utalii wamelitumia jina la mnara huo kama anwani kwa miongo mingi, na wana haki. Alama inayojulikana ni mtaji wa mtaa mzima.

Lakini Arusha imetupa kipimo kingine cha wakati kilicho kizito kuliko mnara. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja kazi kwa saa. Lilieleza saa za kawaida za mfanyakazi wa mshahara, kisha likasema bila kuficha kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, ilhali wanaume wengi wa vijijini hawafikii hata nusu ya saa za mfanyakazi wa mshahara. Hilo lilikuwa jambo kubwa katika waraka wa kisiasa wa zama zile. Liliutoa wazi udhaifu wa saa zote nilizozitaja hadi sasa, kuanzia Amiens hadi Mombasa: zilipima kazi iliyolipwa. Mwanamke anayeamka kabla ya alfajiri kuteka maji hakugongewa kengele, na kwa sababu hakugongewa kengele, kazi yake haikuhesabiwa kuwa kazi.

Muda wa raia

Sasa tujiulize: muda wa nani unahesabiwa leo?

Tuchukue mfano ulio wazi kijiografia. Saa yetu ya taifa iko saa 3 mbele ya ile ya Greenwich, yaani inafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao unapita baharini, mbali na pwani yetu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 39, hivyo saa ya ofisini iko mbele ya jua la jiji kwa takriban dakika 23. Kigoma iko chini ya nyuzi 30, na huko saa ya ofisini hulitangulia jua kwa zaidi ya saa nzima. Ofisi ya umma inapofunguliwa saa 1:30 asubuhi, jua la Dar es Salaam limefika kwenye saa 1:07 hivi. La Kigoma liko kwenye saa 12:28. Mwananchi wa kijiji cha pembezoni mwa ziwa anayetakiwa awepo mlango unapofunguliwa ameianza safari gizani. Simshauri mtu kuigawa nchi katika saa mbili. Umoja wa wakati una faida zake kwa usafiri, kwa benki na kwa taifa. Ila ni vyema mtumishi wa umma anayemwona mtu huyo kachelewa akumbuke kuwa saa iliyo ukutani kwake ni makubaliano ya kisiasa, na wapo wanaoyalipia zaidi ya wengine.

Halafu kuna foleni. Tangu mageuzi ya utumishi wa umma ya miaka ya 2000, taasisi nyingi zimetundika Mkataba wa Huduma kwa Mteja, ukiahidi kujibu barua ndani ya siku kadhaa na kumhudumia mteja ndani ya muda uliotajwa. Huo ni mnara wa saa kwa njia ya maandishi. Lakini pale ambapo hakuna anayeandika raia amefika saa ngapi na kuhudumiwa saa ngapi, mkataba unakuwa kama saa iliyosimama: uso upo, mishale haitembei. Raia ana simu yake na anajua amekaa kwenye benchi tangu saa 2 hadi saa 7. Ujuzi huo ni wa faragha, hauibani ofisi. Ndiyo tofauti kati ya saa ya mfukoni na saa ya mnarani.

Kwa wanafunzi wangu na wanaharakati wanaosoma hapa, napendekeza madai yaliyo madogo na yanayopimika. Halmashauri zilizorithi minara ya saa ziiweke katika bajeti za huduma badala ya bajeti za mapambo, na jina la idara inayowajibika liandikwe pale chini. Wafanyabiashara wa jirani, ambao mnara huwaletea wateja kila siku, wachangie matengenezo. Na ikiwa kampuni itaruhusiwa kuweka tangazo lake mnarani, sharti la kwanza la kibali liwe saa kutembea. Mlio urudishwe pale inapowezekana, walau wa mchana, kwa ajili ya mama muuza matunda ambaye mikono yake haina nafasi ya kushika simu na kwa ajili ya wasioona. Na kila ofisi inayopokea maombi ya raia igonge muhuri wenye tarehe na saa, kwenye nakala anayobaki nayo mwombaji, siku ya kupokea na siku ya kujibu.

Kwa hesabu ya kawaida saa inayogonga idadi ya saa hugonga mara 78 katika kila saa 12, yaani mara 156 kwa siku. Beit al-Ajaib, baada ya miaka mingi ya nyufa na ahadi za ukarabati, iliporomoka sehemu kubwa ya upande wake wa mbele tarehe 25 Desemba 2020 na kuua mafundi waliokuwa kazini. Jengo huanguka mara moja, ila kuanguka huko huandaliwa kidogo kidogo, katika kila mwaka ambao mtu alipaswa kulikagua na hakulikagua. Tukiitaka minara iliyobaki, na ahadi zilizomo ndani yake, tuanze kwa kuuliza katika kikao kijacho cha baraza la madiwani: saa yetu ilisimama lini, na nani alipaswa kuijaza?